Odarley Yupi?

"Watatu!" Tsotsoo alisema, akanyanyua vidole juu ili hata walio mbali wavione. "Odarley watatu wametolewa nyumba hiyo wamebebwa mgongoni kama magunia, na macho yangu haya hayana ukungu. Halafu mtu anaamka asubuhi ananimwagia maji ya beseni mlangoni kwangu!"

"Mmoja!" Shangazi Amarkor alimjibu kutoka upande wa pili wa uchochoro, beseni tupu bado kiunoni. "Mmoja tu, mzushi wewe! Na huyo mmoja tumbo lilimchafuka kwa samaki wako. Hao unaowapiga moshi mpaka wanasahau kama waliwahi kuogelea."

Watu wakaangua kicheko. Katika Teshie ya zamani, mtaa wa pwani wa Accra, ugomvi ukianza hakuna anayebaki ndani. Hata mwenye homa husogeza kitanda dirishani. Na wiki hiyo watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Homowo, sikukuu ya kuizomea njaa, ilikuwa Jumamosi, marufuku ya ngoma ya kabla ya sikukuu ilikuwa imeshaondolewa, kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, na kila ua ulinuka mahindi yaliyolowekwa kwa ajili ya kpokpoi, chakula cha sikukuu.

"Samaki wangu?" Tsotsoo akajishika kifua. "Samaki wangu wanaliwa na mchungaji! Wewe mwenyewe juzi ulilamba mpaka mifupa, ukaja kuniomba na kichwa."

"Nilikuonea huruma. Biashara ilikuwa imelala usingizi wa pono."

"Huruma kawaonee akina Odarley wako, Amarkor. Odarley Mweupe Jumapili. Kicheko juzi. Na jana yule wa Tema, kichwa kinaning'inia. Sasa niambie mimi mzushi."

Hapo Shangazi Amarkor alinyamaza. Alinyamaza kidogo tu, muda wa mtu kumeza mate, kisha akamwita Tsotsoo jina ambalo halifai kuandikwa. Uchochoro ukalipuka tena. Lakini mtu mmoja aliyekuwa ndio kwanza anafika, mfuko wa unga mkono mmoja na chupa ya mawese mkono wa pili, alikuwa amekiona kile kimya.

Mtu huyo alikuwa Odarkor, binti wa marehemu kaka yake Amarkor. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kipindupindu.

Hakuwa daktari, ingawa uchochoro mzima ulimwita daktari na kumwonyesha vipele. Alikuwa mtu wa hesabu. Ofisi ya kupambana na mlipuko, huko katikati ya Accra, ilimpa kila jioni majina ya wagonjwa kutoka zahanati, mahema na hospitali. Yeye akayaingiza kwenye kompyuta, akaziachia hesabu zake zikimbie, na asubuhi akawapa wakubwa namba moja. Namba yenyewe, kwa lugha ya uani, ni hii: mgonjwa mmoja anawagawia ugonjwa wangapi kabla hajapona au hajafa? Ikiwa chini ya moja, ugonjwa unakosa warithi na unajifia wenyewe. Ikizidi moja, hata kwa kiduchu, andaa vitanda.

Namba ya Teshie ya zamani ilikuwa chini ya moja. Alikuwa ameisoma mwenyewe mbele ya kikao siku iliyopita, kwenye grafu nzuri inayoteremka kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda, wakampigia makofi. Kwa sababu ya namba hiyo, leo saa nane mchana malori mawili yangekuja kuyang'oa mahema ya matibabu, vitanda, dripu na manesi, na kuyapeleka kwenye mitaa mipya upande wa juu, ambako namba ilikuwa imepanda. Kesho yake, Alhamisi, wangeanza kuingia watu wa ukoo kutoka mashambani na miji mingine, wamebeba bamia na vitunguu na pilipili, kujazana kwenye nyumba za mababu zao. Maelfu ya watu, visima vilevile.

Na katika orodha yake, nyumba ya Odartey, hii hii ya shangazi yake, ilikuwa na mgonjwa mmoja. Odarley Odartey, mwanamke, miaka thelathini na kitu.

Odarkor aliweka mfuko wa unga chini palepale uchochoroni.

Ukoo wa Odartey, kama koo nyingi za Wagaa, wenyeji wa Teshie, hauhangaiki kutafuta majina. Yalishatafutwa zamani. Binti wa kwanza wa kila kaka ni Odarley, wa pili ni Odarkor, na wavulana nao wana mpangilio wao. Kaka walikuwa wanne, basi uani pale walikua Odarley wanne, na ukiita "Odarley!" hujibiwi, unaulizwa: "Odarley yupi?" Ndiyo maana kuna Odarley Mweupe, Odarley Kicheko, Odarley wa Tema, na Odarley Askari, ambaye hajawahi kuwa askari ila aliwahi kumpiga mmoja. Odarkor mwenyewe hapo nyumbani ni Odarkor Shule, wa kumtofautisha na Odarkor Kelele.

Lakini hakuna anayejiita Kicheko mbele ya nesi mwenye kalamu. Kule watu huvaa jina lao rasmi kama nguo ya kanisani.

Na Odarkor Shule, mtoto wa nyumba hiyohiyo, ndiye aliyetengeneza chujio. Alilitengeneza kwa sababu nzuri. Mgonjwa mmoja huanza zahanati, akazidiwa akapelekwa kwenye hema, akazidiwa zaidi akapelekwa hospitali, na kila anapofika anaandikwa upya. Mtu mmoja anageuka watatu. Kwa hiyo aliiambia kompyuta: ukiona jina lilelile, nyumba ileile, wiki ileile, na umri unaokaribiana, maana umri wenyewe watu wanakisia, huyo ni mtu mmoja, wengine futa. Katika mitaa mipya, ambako Mfante anapakana na mtu wa kabila la Ewe na Mdagomba na hakuna majina yanayogongana, chujio lilifanya kazi kama saa. Huku kwenye nyumba za ukoo lilikuwa linakula watu.

Alikuwa ameliona jina la Odarley wiki hiyo, akapiga simu nyumbani. "Shangazi, nasikia Odarley anaumwa?" Shangazi akajibu, "Tumbo tu, anaendelea vizuri." Akakata simu akarudi kwenye grafu yake. Mtoto wa miaka mitano wa ua ule angeuliza, Odarley yupi? Yeye hakuuliza.

"Shangazi," alisema sasa, akimshika mkono na kumvuta ndani ya ua. "Shangazi, ni kweli?"

"Kweli nini? Mwanamke yule ana mdomo usio na breki, na wewe unamsikiliza?"

"Ni watatu?"

Amarkor aliweka beseni chini taratibu. Uani wanawake wawili waliokuwa wakichekecha unga waliinamia machekecheo yao kana kwamba unga umesema jambo.

"Kompyuta yako imesema wangapi?" Amarkor aliuliza.

"Mmoja."

"Basi. Kompyuta ina akili kuliko sisi. Iache iseme hivyohivyo mpaka Homowo ipite."

"Shangazi, wanaondoa mahema leo!"

"Wayaondoe. Hayo mahema ndiyo yanayotutia aibu, yamekaa pale barabarani kama msiba." Alisogea karibu, akashusha sauti, na sasa haikuwa sauti ya ugomvi, ilikuwa ya mtu anayeomba. "Odarkor, nisikilize. Unajua nyumba ya kipindupindu inavyoitwa? Ulikuwepo walipowafanyia nyumba ya kule chini? Hakuna aliyekanyaga. Kpokpoi ilichachia sufuriani mpaka ikatupiwa kuku. Mimi tangu kaka zangu wafe ndiye ninayeishika Homowo ya nyumba hii. Jumamosi nisipopata mtu wa kunawa mikono na kula humu ndani, nitawaambia nini wazee waliolala makaburini? Sema mmoja. Nakuomba kitu kimoja tu mwanangu, sema mmoja."

Odarkor alitamani ardhi impasukie. Alimpenda shangazi huyu. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyeuza vitenge vyake ili Shule aende shule. Akatazama saa kwenye simu. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

"Odarley wa Tema yuko wapi sasa?" aliuliza.

Amarkor aliangalia pembeni. "Kule kule kwenye mahema."

"Na Mweupe? Na Kicheko?"

"Kule kule."

"Wote watatu, Shangazi. Wakija watu wa lori watawaweka wapi?"

Odarkor alikaa kwenye kibao cha kukatia mboga, akatoa kompyuta yake mkobani, akaiweka juu ya magoti na kumpigia mkuu wake, Daktari Oppong-Kyei. Huyu alikuwa Mwashanti mrefu, mwenye subira na haraka kwa wakati mmoja, na alikuwa barabarani.

"Mdogo wangu! Nakuja huko huko. Leo tunahamisha."

"Daktari, msihamishe. Namba yangu ni mbovu."

Upande wa pili palisikika honi. "Mbovu namna gani?"

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akiruka kutoka majina kwenda chujio na kurudi. Huku anaeleza vidole vyake vilikuwa vimeshalizima lile chujio na kuziachia hesabu zikimbie upya. Namba ikatokea kwenye kioo. Moja nukta tisa.

"Bila chujio inakaribia mbili," alisema.

"Bila chujio unamhesabu mtu mmoja mara tatu," Oppong-Kyei alisema. "Si wewe uliyenifundisha hivyo? Ulikuja na picha na mishale. Odarkor, upande wa juu kuna watoto wanalala sakafuni. Sakafuni! Nikiwaambia wizarani mahema yabaki, wataniuliza kwa nini, niwaambie kwa sababu msichana wangu ana binamu wengi?"

"Manesi si walikuambia vitanda vimejaa hapa?"

"Waliniambia. Wewe ndiye uliyesema ni walewale wanaorudi."

Ni kweli, alisema hivyo. Alisema kwa ukali kidogo, kwenye kikao, na nesi aliyeuliza alikuwa ameketi chini bila neno.

"Daktari, usikate simu," alisema. "Naomba tu usikate."

Akaiunganisha simu na ya Nesi Konadu, ndiye yule aliyeketi bila neno, aliyekuwa zamu mahemani. Akaweka sauti juu na kuilaza simu gotini, kando ya kompyuta. Wale wachekechaji wakaacha kabisa kuchekecha.

"Nesi Konadu, uko ndani ya hema la wanawake?"

"Nipo, na nina mikono miwili tu. Mnataka nini, nifunge mizigo?"

"Nataka uite jina. Ita kwa sauti, 'Odarley Odartey,' kisha utuambie wanaitika wangapi."

"Nifanye nini?"

"Tafadhali dada yangu. Ita tu."

Walimsikia akivuta pumzi. Kisha sauti ya mwanamke aliyezoea kuwashinda wenye kelele ikajaa uani: "Odarley Odartey!"

"Yee!" mtu akaitika. Na karibu papo hapo, kwa sauti nyembamba zaidi, "Mimi hapa! Ni dawa?" Sauti hiyo ya pili ikafuatwa na kicheko kidogo, dhaifu, cha mtu anayecheka hata akifa, na hapakuwa na haja ya kuuliza yule ni Odarley yupi.

"Wawili," Nesi Konadu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wawili, Daktari. Vitanda viwili tofauti."

"Ita tena," Odarkor alisema.

"Odarley Odartey!"

Wakasubiri. Walisikia mtu akikohoa, ndoo ikiburutwa, mtoto akilia. Amarkor, aliyekuwa amegeukia ukuta muda wote, aligeuka. Aliitazama ile simu juu ya goti la Odarkor kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Mwite kwa jina la nyumbani," alisema ghafla. "Mwambie huyo nesi. Odarley wa Tema! Mwambie aseme wa Tema!"

"Odarley wa Tema?" Nesi aliita, safari hii polepole.

Hakuna kitu. Amarkor alikaa chini, pwaa, juu ya sakafu yenye unga. Odarkor aliusikia mkono wa shangazi yake ukimkamata kifundo cha mguu na kukibana, na hakuthubutu kumwangalia.

Viatu vya nesi vilisikika vikitembea. Vikasimama.

"Yupo," Konadu alisema hatimaye. "Dripu inaingia. Amefumbua macho, ananiangalia. Kuitika hawezi, lakini amenyanyua kidole. Ni watatu, Daktari. Na kitanda cha jirani yake mama mmoja ananiambia hata wao, nyumba yao, wako wawili wenye jina moja."

Walimsikia Oppong-Kyei akimwambia dereva wake asimamishe gari pembeni.

"Nani mwingine unadhani amefutwa?" aliuliza.

"Sijui. Hilo ndilo linaloniua, sijui. Kila nyumba ya ukoo inaweza kuwa hivi." Odarkor alijifuta uso kwa mkono wenye unga. "Nipe mpaka jioni. Nesi Konadu na wenzake wa hospitali wamuulize kila mgonjwa wa huku swali moja: nyumbani unaitwa nani? Nitaweka lakabu ndani ya chujio. Kicheko wa zahanati akiwa ndiye Kicheko wa hema, nafuta. Kicheko na Mweupe, siwagusi."

"Malori yanafika saa nane."

"Wape chai."

Yalikuwa maneno ya kiburi. Oppong-Kyei aliguna. "Mpaka saa kumi na mbili. Ikiwa chini ya moja, nayang'oa, na usinipigie tena." Akakata.

Siku hiyo Odarkor hakula. Alikaa kwenye kibao chake pale uani, waya wa umeme ukipita dirishani, majina yakimjia moja moja kutoka kwa manesi. Tagoe Mrefu na Tagoe Mfinyanzi. Kwarley wawili wa nyumba moja, mmoja akijulikana kama Kwarley Redio. Kila lakabu mpya iliyoingia ilikuwa mtu aliyemfuta yeye, na mtu aliyefutwa hakuna aliyekwenda kutia dawa kisima chake. Mara akaogopa namba itapanda. Mara akaogopa haitapanda, malori yataondoka, na yeye ndiye atakayekuwa amekosea mara mbili. Wanawake walichekecha unga wakimzunguka bila kumsemesha. Shangazi Amarkor alimpita mara nyingi, na kila akipita alitazama mbele.

Jua likiwa limeshalala upande wa kuta, hesabu zilikimbia kwa mara ya mwisho. Moja nukta nne.

Akampigia Oppong-Kyei. "Moja nukta nne," alisema.

"Uhakika?"

"Hapana. Inaweza kuwa moja nukta mbili, inaweza kuwa moja nukta sita. Chini ya moja haiwezi."

Oppong-Kyei alitukana kwa Kiashanti, taratibu, bila kumkusudia mtu. "Mahema yanabaki," alisema. "Nitatafuta mengine ya upande wa juu, sijui wapi. Na kesho asubuhi timu ya dawa inaingia nyumba zote za ukoo. Itaanza na ya kwenu, wagonjwa wengi wako kwenu."

Odarkor alipoinua macho shangazi yake alikuwa amesimama mbele yake.

"Wanakuja?" Amarkor aliuliza.

"Kesho asubuhi."

"Na yale mavazi yao meupe. Na mabomba mgongoni. Alhamisi, watu wote wakiwa wanaingia mjini na mizigo kichwani."

"Shangazi..."

"Namshukuru Mungu kwa Odarley wa Tema," Amarkor alisema. "Hilo nalisema, nisije nikaitwa mchawi. Lakini wewe umeikausha nyumba hii. Chukua mashine yako. Kizingiti changu usikikanyage tena."

Timu ilikuja kama ilivyosemwa, na uchochoro ukaiangalia. Walinyunyiza kuta, choo, kisima, hata kigoda cha marehemu babu. Mpaka Jumamosi vyote vilikuwa bado vinanuka dawa.

Jumamosi hiyo Teshie ilifurika. Mzee wa ukoo alipita kutoka kizingiti hadi kizingiti akiwanyunyizia kpokpoi waliotangulia, watu wakaizomea njaa, ngoma zikalia mpaka mabati yakatetemeka. Watu waliokuwa wamegombana mwaka mzima walikumbatiana njiani huku wakilia. Kwenye kila ua palikuwa na bakuli kubwa na mikono ikizama humo, ya bibi na ya mjukuu pamoja, maana ndivyo Homowo inavyoliwa.

Odarkor alitoka mahemani akapita katikati ya yote hayo akiwa na roho juu. Kila bakuli alilopita aliliona kwa macho yake ya kazini, mikono ikiingia na kutoka, na ndani ya kichwa hesabu zikikimbia bila kuombwa. Namba ya asubuhi ilikuwa imeshuka kidogo, bado juu ya moja. Furaha hii yote ingeipeleka wapi? Hakujua. Vitanda vilikuwepo, zaidi ya hapo hakuwa na la kumwambia mtu.

Alikuwa amekuja kusema neno moja tu, na alitaka kulisema kutoka nje kisha aondoke. Akasimama uchochoroni mbele ya nyumba ya Odartey. Lango lilikuwa wazi. Ndani hapakuwa na watu isipokuwa wale wanawake wawili wachekechaji na Odarley Askari, wamekaa kwenye mabenchi yaliyopangwa kwa ajili ya watu arobaini. Wapitaji walipofika hapo walisalimu kwa furaha kubwa mno na kuongeza mwendo.

"Shangazi!" aliita kutoka barabarani. "Odarley wa Tema ameketi leo! Amekunywa uji!"

Mlango wa upande wa pili ukafunguka, akatokea Tsotsoo, amevaa nyeupe mpya, uso unang'aa mafuta ya supu ya mawese.

"Odarkor Shule! Mbona umesimama juani kama mdai? Kwenu wamekunyima? Njoo kwangu. Njoo, mwanangu, watu tele, samaki tele."

"Asante, Mama Tsotsoo, mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa nini? Homowo mtu anapita na tumbo tupu? Maji nimechemsha mpaka sufuria limeomba msamaha. Nawa hapa." Akamshika kiwiko. Odarkor, aliyechoka mpaka kwenye nywele, alijikuta amepiga hatua mbili kuelekea kule.

"Tsotsoo!"

Shangazi Amarkor alikuwa langoni, mwiko mkononi.

"Mwachie mtoto huyo kiwiko."

"Nimwachie aende wapi? Si umemfukuza mwenyewe? Uchochoro mzima umesikia."

"Nimemfukuza mimi, si wewe. Mtoto wa Odartey atakula Homowo kwa muuza samaki, na mimi bado napumua? Ili kesho useme uliilisha nyumba yangu?"

"Kesho? Nitasema leo leo, jioni."

Watu walioanza kupita kwa haraka walipunguza mwendo. Wengine wakasimama. Amarkor aliwaona wote, akanyoosha mgongo, kisha macho yake yakarudi kwa Odarkor, kwenye viatu vyake vilivyojaa matope ya mahemani na kwenye mikono yake iliyochubuka kwa dawa.

"Uji umekaa tumboni?" aliuliza, si kwa sauti ya kusikika na wote.

"Umekaa, Shangazi. Mpaka natoka hapo hajatapika."

Amarkor alishusha mwiko. Nyuma yake Odarkor aliona bakuli kubwa la ukoo juu ya meza, limefunikwa, na pembeni yake, jambo ambalo hakuwahi kuliona katika nyumba ile tangu azaliwe, sahani ndogo ndogo za kila namna zimepangwa moja moja, na ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni juu yake.

"Sabuni ile pale," shangazi yake alisema. "Usiniulize kuhusu sahani, nina hasira. Vua hivyo viatu vya mahemani, unawe mpaka kwenye kiwiko alichokushika huyu. Ingia ule."